Mtihani wa Kuzima na Kuwasha

Kwa miaka mingi pale hospitalini waliniita Mama Kompyuta, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha. Sina mtoto. Nilichokuwa nacho ni mashine moja nyeusi iliyofungiwa kwenye chumba kidogo karibu na dirisha la dawa. Ndani yake mlikuwa na majina ya wagonjwa wote, dawa walizopewa na picha za mifupa yao. Seva, ndivyo tunavyoiita. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haisinzii.

Hospitali ni ya kanisa, nje kidogo ya Kisumu, na mvua ya ziwani ikija jioni hutufikia mapema. Radi hutangulia, na radi ikishalia vizuri stima hupotea. Jenereta yetu ilitosha chumba cha upasuaji na wodi ya kujifungulia, na betri ya seva ilikuwa ya kujifariji tu. Kwa hiyo mashine ilizimika mara kwa mara. Stima iliporudi iliwaka, taa zikameta na feni ikavuma, lakini kule mapokezi hawakuona hata jina moja. Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilikuja, nikavuta kiti, nikaanza kuiamsha kwa mkono. Kwanza niliunganisha diski ya picha. Kisha nikaamsha hifadhi ya majina, kisha ile huduma inayozungumza na kompyuta za mapokezi, na mwisho nikafungua mlango wa mtandao ili waingie. Ukikosea mpangilio unaanza upya. Mimi sikukosea. Vidole vilikwenda vyenyewe, na nyuma yangu wauguzi walisimama kimya kana kwamba natoa risasi mwilini mwa mtu. Mara karani wa mapokezi angepiga kelele, "Imekuja!" na benchi zima la wagonjwa likashusha pumzi. Niambie, nani angechoka na kazi kama hiyo?

Hakuna aliyenifundisha darasani. Nilianzia chumba cha faili, nikipanga kadi za wagonjwa kwenye rafu. Fundi aliyekuja kufunga seva alinipata mdadisi, akanionyesha hiki na kile, kisha akapata kazi ng'ambo akaniachia neno la siri na salamu. Yaliyobaki nilijifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Siku moja katibu wa hospitali aliniita ofisini. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na akikuambia ukae ujue kuna jambo.

"Madam, keti," alisema. "Kazi yako tunaiona. Hakuna mtu analalamika. Lakini bodi imesema kila mtu wa kazi ya ujuzi awe na karatasi yake. Daktari ako na yake, mtu wa maabara ako na yake. Wewe yako iko wapi?"

Nilimwambia seva haijawahi kulala chini siku nzima tangu nianze kuishika.

"Hiyo najua. Lakini mkaguzi akikuja hawezi kukagua vidole yako."

Nilipewa hadi mwisho wa mwaka. Nikipata cheti cha usimamizi wa seva, nafasi ni yangu. Nisipopata, itatangazwa, aje mwenye cheti, nami nirudi chumba cha faili. Katibu alisema si kwa ubaya, na najua hakuwa na ubaya. Nilipotoka nilipita mbele ya chumba kile cha faili, nikasikia harufu ya vumbi na karatasi za zamani, nikaogopa. Sikuogopa aibu. Niliogopa mtu mwingine aje akae kwenye kile kiti changu.

Mtu asiyejua hudhani cheti cha kompyuta ni kimoja. Kumbe ni ngazi. Kuna cha chini kabisa, cha kufungua mashine na kutaja viungo vyake. Juu yake kuna cha mitandao, kisha cha seva, na baada ya hapo ngazi zinagawanyika: huyu anapanda ya usalama, yule anapanda ya mashine za kukodi zilizo nchi za mbali ambazo hutaziona kwa macho. Katika kundi la simu nililojiunga nalo, vijana wa mjini walikuwa wakitaja vyeti vyao kwa herufi tupu, kama watu wanaotaja nambari za magari. Na kila kimoja kina muda wake. Muda ukiisha, urudi mtihanini.

Hili la muda lilimshinda mama yangu kabisa. Mama anaishi kwetu, upande wa Kombewa, kwenye mteremko ambapo ukisimama nyuma ya jiko unaona ziwa. Nilimweleza nikiwa nachambua naye omena, dagaa wa ziwa letu.

"Cheti gani hiyo inaisha?" aliuliza. "Hata kadi yangu ya ubatizo haiishi."

"Kompyuta zinabadilika, Mama."

"Na Mungu je?"

Niliendelea na omena.

Lazima niseme kuhusu kitanda. Kila nilipokwenda nyumbani, jambo la kwanza mama alilofanya ni kutoa shuka kwenye sanduku, zile za maua ambazo wageni hawapewi, na kunitandikia kitanda cha chumba changu cha zamani. Alitandika kabla hata sijanywa maji. Na kila mara, jua likianza kuteremka na mawingu kukusanyika juu ya ziwa, simu yangu ingelia. "Mama Kompyuta, stima imepotea." Ningebeba mkoba wangu, nikasimamisha pikipiki. Mama angesimama mlangoni akiniangalia, kisha angeingia ndani kukunja shuka. Tangu nikabidhiwe seva sikuwahi kulala kwa mama hata mara moja. Nililiona jambo la kawaida, na nilipomsimulia mtu nilisimulia kwa majivuno, kwamba bila mimi mambo hayaendi.

Basi nikasoma. Nilisoma wakati wa chakula cha mchana na baada ya kazi, na mengi niliyakuta nayajua kwa mkono ila sikujua yanaitwaje. Hilo lilinipa kiburi. Mtihani wenyewe si wa kuchagua jibu. Unapewa mashine mbili zilizoharibiwa kwa makusudi, unaambiwa zifanye hivi na vile, na saa inakwenda. Niliposikia hivyo nilicheka. Mashine zilizoharibika ndizo nilizokuwa nikiamkia!

Niliufanyia mjini, kwenye chumba cha ghorofani chenye meza moja. Msimamizi, ambaye alikuwa mbali akiniona kwa kamera tu, alinikagua kama abiria wa ndege. Nilivua herini na saa, nikakunja mikono ya blauzi, hata miwani niliigeuza aone nyuma. Kamera ilikuwa mbele yangu na nyingine ubavuni. Kwenye skrini maelezo ya mwanzo yalisema, pamoja na mengine, kwamba kila ulichofanya lazima kibaki hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Niliyasoma nikayapita. Nilikuwa nimezoea kwamba mashine ikizimwa kinachofuata ni mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nilifanya kila nilichoulizwa. Diski nikaunganisha, huduma nikaziamsha, mlango nikaufungua, watumiaji nikawapa ruhusa zao. Nilijaribu kila kimoja na kikaitika. Nilibakiwa na muda mwingi. Ningeweza kuzima zile mashine na kuwasha tena, nione. Kidole kilifika mpaka pale kwenye kitufe, kikarudi. Nje ya dirisha mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa ziwa, na mimi ni mtu wa Kisumu: mashine ikishawaka vizuri, unaizima kwa nini? Ni nani kwetu anazima kitu kinachofanya kazi, akijua vile kilivyosumbua kuwaka? Niliinua mkono nikasema nimemaliza. Nikapitia soko la Kibuye, nikajinunulia viatu vya mtumba vya kwendea kazini mwaka mpya.

Majibu yalikuja kwa simu kabla wiki haijaisha. Nimeanguka, tena vibaya. Sehemu nilizozijua kama jina langu, diski na huduma na mtandao, ndizo nilizopata karibu bure. Zile nilizobahatisha ndizo zilizonipa alama.

Nilikasirika. Nilitukana mtihani kwa Kidholuo, nikatukana walioutunga, nikaviweka vile viatu chini ya kitanda nisivione. Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwa mama na hasira yangu yote. Alinisikiliza akisonga ugali. Nilimweleza jinsi ninavyoiamsha seva, hatua kwa hatua, ili aone mtoto wake si mjinga.

"Nyara," alisema, maana yake binti yangu, "sasa wewe ukishikwa na malaria, hiyo mashine inaamshwa na nani?"

"Hakuna. Wananingojea."

"Na ukikufa?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Ukikufa, hao wagonjwa wanangoja ufufuke?"

Aliupakua ugali akauweka mezani. Sikula vizuri. Simu ililia kabla ya chai, stima imepotea, nikabeba mkoba. Nikiwa nyuma ya pikipiki, upepo ukinipiga usoni, ndipo mambo yalipokaa sawa kichwani. Waliosahihisha mtihani walizizima mashine zangu na kuziwasha. Kisha wakatazama. Na mimi sikuwepo kuketi kwenye kiti nikaunganisha diski kwa mkono. Kila nilichofanya kilikuwa kimekufa pamoja na stima. Kumbe mashine inaweza kuandikiwa. Unaandika mstari mmoja mahali inapopasoma inapoamka, au unaongeza neno moja kwenye amri, na tangu hapo inaamka na kufanya yote yenyewe, uwepo usiwepo. Nililijua neno hilo. Lilikuwa kwenye kitabu, nilikuwa nimelipigia mstari. Sikuwahi tu kulihitaji.

Nilifika hospitalini nikiwa na vumbi mpaka kope. Niliamsha seva kwa mkono, karani akapiga kelele "Imekuja!" na kwa mara ya kwanza kelele ile haikunipendeza.

Nilirudi Kibuye kununua kompyuta ya mtumba ya kufanyia mazoezi. Muuzaji alikuwa ameiwasha tangu asubuhi, ikionyesha picha ya milima, na nilipotaka kuizima nione kama itawaka tena alinishika mkono. "Aii, Madam, usizime! Si unaona inafanya?" Nilicheka peke yangu, naye akaudhika akidhani naicheka bidhaa yake. Nilimtuliza, tukaelewana, nikaipakia kwenye tuktuk.

Nyumbani nilijiwekea utaratibu. Nafanya zoezi, kisha nachomoa waya ukutani. Sizimi kwa adabu. Nachomoa. Mara za kwanza mkono ulikataa kabisa. Nilikuwa nashika waya, naangalia zile taa, naahirisha. Mwisho nachomoa. Narudisha, nakaa na mikono yangu chini ya mapaja ili isiguse kitu, nasubiri nione itaamka na nini. Mwanzoni iliamka na nusu ya mambo. Siku moja haikuamka kabisa kwa sababu ya herufi moja niliyokosea kwenye ule mstari wa diski, nikalala na hasira. Polepole ikawa inaamka yote. Na stima ya mtaani ilinisaidia sana. Ilipopotea bila taarifa, majirani wakilalamika kwenye ngazi, mimi nilikuwa nimeketi gizani nikifurahi kama mtu aliyeletewa msahihishaji nyumbani.

Mara ya pili nilikwenda mtihanini mwaka ukiwa unaisha. Chumba kilekile, meza ileile, herini nilikuwa nimeziacha nyumbani. Nilifanya kazi yangu nikamaliza, na muda ulipobaki nilizizima mashine zote mbili. Kulikuwa na kimya kirefu na skrini nyeusi, na nilimwomba Mungu waziwazi, midomo ikicheza, mpaka msimamizi akaniuliza kwenye skrini kama nazungumza na mtu. Mashine zikawaka. Diski iko. Huduma ziko. Mlango uko wazi. Nilizizima tena, safari hii kwa raha tu.

Nikapita. Katibu aliisoma karatasi mbele na nyuma, akaitia kwenye faili langu, akanipa mkono. "Sasa hata mkaguzi akuje," alisema. Viatu nikavitoa chini ya kitanda.

Lakini seva ya hospitali ilikuwa bado ya zamani, bado inanisubiri mimi. Asubuhi moja niliketi mbele yake kuiandikia ile mistari. Niliandika, nikafuta, nikaenda kunywa chai, nikarudi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Nilichokuwa nikikiandika ni kwamba sitaitwa tena, na nilihuzunika. Hakutakuwa na wauguzi kusimama nyuma yangu wala benchi la kushusha pumzi. Niliwaza swali la mama, nikaandika mistari yote, nikahifadhi.

Sasa ilibidi nijaribu. Nilimwambia katibu naomba ruhusa ya kuzima seva.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sasa unazima nini?"

"Nataka kuona kama itaamka bila mimi."

Aliniangalia kama nimesema nataka kumtoa mtu kwenye oksijeni. Mwisho alikubali iwe siku ya wagonjwa wachache, tena yeye mwenyewe awepo. Alikuja na muuguzi mkuu na karani wa mapokezi. Tulijaa kile chumba, na kabla sijagusa chochote katibu alivua kofia yake akasema, "Tuombe." Akaiombea seva, na stima, na wagonjwa ambao majina yao yamo humo, na mikono yangu. Nilipandisha sauti ya amina pamoja nao, kisha nikaizima. Karani alifunika mdomo. Niliiwasha nikasogeza kiti mbali na kibodi, nikafunga mikono kifuani. Tulisubiri feni ivume. Karani alikimbia mapokezi akafungua kompyuta yake, akarudi akitembea.

"Iko," alisema.

"Ni hiyo tu?" katibu aliuliza.

"Ni hiyo tu, Mzee."

Nadhani walitarajia zaidi. Waliondoka mmoja mmoja, na mimi nikabaki nikipangusa vumbi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kombewa. Mama alikuwa nje akipepeta mahindi ya nyoyo, yale tunayochemsha na maharagwe. Alinisalimia vizuri, akanipa maji, tukakaa. Ilinichukua muda kugundua kilichopungua. Nilipoingia chumbani kuweka mkoba, kitanda kilikuwa na godoro tupu. Hakuwa ametandika. Nilisimama pale nikielewa kwamba amechoka kutandika na kukunja, na kwamba pengine alikuwa ameacha siku nyingi bila mimi kuona. Iliniuma sana.

Jioni mawingu yakaja kutoka ziwani kama kawaida yao. Radi ikalia upande wa mjini. Mama alitazama mkoba wangu, niliokuwa nimerudi nao mpaka mlangoni, kisha akatazama simu yangu mezani. Haikulia. Mvua ikaanza kupiga mabati, balbu ya sebuleni ikazimika, mama akawasha taa ya sola. Simu haikulia. Tulikunywa chai. Nilishindwa kuvumilia, nikapiga mwenyewe.

Ilipokewa na sauti nisiyoijua, karani mpya aliyeanza wiki hiyo.

"Stima ilipotea huko?" nikauliza.

"Ilipotea, lakini imerudi."

"Na kompyuta?"

"Iko sawa. Tunaendelea na wagonjwa. Kwani wewe ni nani?"

Nilitaka kumwambia. Nilitaka sana kumwambia ni nani.

"Ni mtu wa kompyuta tu," nikasema.

"Haya, Madam. Kuna shida?"

"Hakuna. Usiku mwema."

Niliweka simu chini. Mama alikuwa na kikombe chake mkononi, akinisoma uso kwa ule mwanga mdogo.

"Wamesema nini?"

"Wamesema hawanihitaji."

Alikunywa chai yake ikaisha, akaweka kikombe kwenye sinia. "Ero kamano, Nyasaye," alisema, akimshukuru Mungu polepole kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akachukua ile taa, akaenda kwenye sanduku kutoa shuka.